Neno Jipya Kila Jioni

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, imesheheni watu waliotoka kazini, na taa ikazimika. Mshonaji, gauni lake la kitenge limebanwa na mikoba ya wengine, alihisi pumzi zinamkatika. Akaukamata mkono wa kwanza uliokuwa karibu.

"Hizo kucha, dada," ilisema sauti nzito, tulivu. "Sijakukosea kitu."

"Samahani. Naogopa sana."

"Hofu hiyo Waingereza wanaiita 'panic'. Wagiriki wa kale walikuwa na mungu wa wachungaji, Pan. Mifugo ikitimka ovyo bila sababu, walisema Pan ndiye kaitia hofu."

"Kwa hiyo mimi mbuzi?"

Watu wakacheka gizani. Lifti ilipofunguliwa akamwona mwenye sauti: mrefu, shati la bluu limenyooshwa vizuri, skafu shingoni ijapokuwa kulikuwa na joto. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa madarasa ya jioni, ghorofa moja juu ya chumba chake cha kushonea.

Tangu hapo mwalimu alimpigia simu kila jioni na neno jipya, na haikuchukua muda wakawa wapenzi.

"Mpenzi, kunja mkono. Umeona msuli? Kiingereza, 'muscle'. Kwa Kilatini ni kipanya. Waliuona ukicheza chini ya ngozi kama kipanya."

"Mimi na panya hatupatani."

"Basi chukua 'clue'. Zamani lilikuwa donge la uzi, la kumwongoza mtu atoke alikopotea. Hilo lako, fundi wangu."

Kesho yake alishona huku akitabasamu peke yake. Akanunua na kamusi ya asili za maneno, akawa anayafumua kama pindo, aone yalivyoungwa.

Kisha ile sauti ikaanza kukwaruza. "Mafua tu," alisema mwalimu. Simu zikawa fupi, halafu zikakoma. Darasa likafungwa. Ukaja ujumbe mmoja: *Usinisubiri.*

Mshonaji hakula. Kila simu ilipoita moyo ulimpasuka, na kila mara alikuwa mteja. Kapata mwingine, alijiambia, na wazo hilo likamtia baridi. Mwishowe akapiga yeye. Alipokea dada yake mwalimu, naye akamwomba amwambie tu huyo mwanamke ni nani.

"Wifi, hakuna mwanamke. Ana uvimbe kooni, kwenye tezi. Kesho asubuhi anapasuliwa, na daktari kasema neva ya sauti inaweza kuguswa. Hataki umkute bubu."

Asubuhi alifika wodini, blauzi imefungwa vifungo upande. Mwalimu alikuwa ameketi kitandani na vazi la hospitali, shingo wazi, uvimbe unaonekana kama yai.

"Nani kakwambia?" alinong'ona.

"Wifi yangu. Na wewe nyamaza, tunza koo." Akachomoa kamusi mkobani. "Tezi hiyo, 'thyroid'. Nimeitafuta. Kwa Kigiriki ni ngao, ile ndefu kama mlango."

"Ngao gani inamgeuka mwenyewe?"

"Sijui. Neno halitibu. Nimelileta kwa sababu simu zako zilikoma."

Mwalimu akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka. "Nikikosa sauti nitafundisha nini? Nitakuitaje? Naogopa, mpenzi."

"Hata mimi naogopa. Nioe. Usinijibu sasa, wanakuja kukuchukua. Utanijibu ukirudi."

Kitanda kikasukumwa. Mshonaji na wifi yake wakakaa kwenye benchi ukumbini, wameshikana mikono, wakishtuka kila mlango ulipofunguka. Daktari alipotoka alisema uvimbe umeondolewa wote. Kuhusu sauti alisema, "Tusubiri aamke."

Mwalimu aliamka shingo imefungwa bandeji. Akamtazama mshonaji, akafungua mdomo. Ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena, hewa. Macho yake yakatandwa na hofu, na mshonaji akahisi ukuta unamkaribia kila upande. Hata hivyo aliinama, akaweka sikio midomoni pake, akangoja.

Sauti ilikuwa nyembamba, imepasuka, si ile ya kwenye lifti hata kidogo.

"Ndiyo," ilisema.