Wivu wa Themanini na Sita

Jumamosi hiyo saluni ilikuwa imejaa mpaka mlangoni, na mlango wenyewe ulikuwa umeng'oka bawaba. Bibi harusi mmoja, wasindikizaji wake sita na mama zao wawili walikuwa wakigombea viti. Katikati ya vurumai hiyo, binti mtengeneza kucha alikuwa amejikunja mezani, pua karibu iguse kidole cha mteja, gauni lake la njano limejaa vumbi la kucha hadi mabegani. Hakumwona fundi seremala aliyeitwa kurekebisha mlango. Alimsikia tu.

"Dada, umepoteza nini chini ya meza? Nikusaidie kutafuta?"

"Nimepoteza subira," akajibu bila kuinua kichwa. "Ukiiona, niletee."

Watu wakaangua kicheko. Alipotaka kumtazama mchokozi, shingo ikakataa, ikabidi ageuke mwili mzima. Akaona kijana mrefu mwenye shati la bluu, penseli sikioni, na tabasamu la mtu asiyejua kuomba radhi.

"Umekuwa ndoano kabisa," fundi akasema.

"Ndoano huvua, kaka. Angalia usinaswe."

Kunaswa alinaswa. Mlango wa kazi ya saa moja ulimchukua siku tatu. Siku ya tatu binti aliketi kwenye kigoda, ameegemea mwimo wa mlango, akila chakula cha mchana, na fundi akamwigizia mama mmoja mteja aliyelala usingizi vidole vikiwa kwenye taa ya kukaushia rangi. Binti akacheka hadi kisogo kikagonga ubao. Fundi akachomoa penseli, akakwaruza kitu kwenye mwimo, usawa wa utosi wake. Binti alidhani ni mambo ya mlango.

Tangu hapo simu haikukoma.

"Ndoano wangu, umeamkaje?"

"Na ganzi, mpenzi. Nusu saa nzima nimeshindwa kufunga vifungo vya blauzi. Na daktari ameshaniambia, nikiendelea kujikunja, mwaka hauishi nitaiaga kazi hii."

"Basi sikiliza. Karakanani kwetu kazi huja kwa fundi, fundi haendi kwa kazi. Ubao ukiwa chini, tunauinua. Wewe mkono wa mteja ukiwa chini, unaufuata huko huko. Una mifupa ya akiba?"

"Wateja wangu si mbao!"

"Lakini wana mikono. Iinue juu ya mto, vuta taa karibu, viwiko vyako vibaki ubavuni. Kiti na meza niachie mimi."

Jioni hiyo akaja na utepe wa kupimia. Akapima goti hadi sakafu, kiwiko hadi kiti, kiti hadi utosi.

"Kaa wima kwanza."

"Si nimekaa wima!" Binti alikuwa ametoka kuhudumia wateja tisa, na kwa hesabu ya mgongo wake huko ndiko kulikuwa kukaa wima.

"Sabini na tisa," fundi akasoma, akatikisa kichwa.

Wiki iliyofuata binti akavaa gauni lake la kijani, lile la kumtoa mtu pumzi, akaenda karakanani bila taarifa. Kulinukia gundi na mbao mbichi. Fundi alikuwa ametoka kununua misumari, na daftari lake lilikuwa wazi juu ya meza. Macho hayana pazia. Binti akasoma mstari mmoja wa maandishi ya penseli: *79 siye. 86 ndiye.*

Akausoma tena. Sabini na tisa alikuwa yeye, hilo alilisikia kwa masikio yake. Sasa themanini na sita alikuwa nani? Mrembo gani huyo, mrefu, mwenye shingo ndefu, aliyeketi mbele ya utepe ule ule? Akaondoka machozi yakimlenga.

Simu kumi na nne hakuzipokea. Ya kumi na tano akaipokea ili atukane vizuri.

"Mpenzi, nimekosa nini?"

"Kamuulize Themanini na Sita wako!"

"Nani?"

"Yule *ndiye!* Mimi si *siye?* Basi niache nijikunje kwa amani!" Akakata, akalia kwa kwikwi, na shingo nayo ikamuuma maradufu.

Asubuhi ya pili mkokoteni ukashusha kiti na meza mbele ya saluni. Binti akanuna.

"Virudisheni. Ni vya mtu mwingine."

"Hakuna kinachorudi hapa," akasema Mama Saluni, mwenye duka. "Kaa, mwanangu. Ususie mwanamume, usisusie kiti."

Akaketi kwa hasira, shingo upande. Nyayo zikatua sakafuni sawasawa. Kiuno kikapata egemeo. Viwiko vikafika mezani bila mabega kupanda, na mto wa mteja ulikuwa juu kiasi kwamba kidole kilimfuata machoni. Akainua uso, na kwenye kioo cha ukuta wa mbele, ambamo siku zote alijiona utosi tu, akamwona mwanamke mwenye shingo ndefu akimkodolea macho.

Mama Saluni, aliyeyasikia yote ya simu ile, alikuwa ameshachukua utepe wa kupimia. Akapima kiti hadi utosi, kisha akapima tena.

"Ngapi?" binti akauliza.

"Themanini na sita. Mwanangu, umejionea wivu mwenyewe!"

Saluni nzima ikapasuka kwa vicheko. Binti akakimbilia mlangoni. Pale kwenye mwimo, juu kidogo ya mahali kisogo chake kilipogonga siku ile ya kicheko, palikuwa na alama ndogo ya penseli. Na nje ya mlango, ndani ya shati la bluu lililopigwa pasi mara hii, alisimama fundi.

"Tangu lini kipimo kikaitwa *ndiye?*" binti akamvamia. "Kipimo ni *ndicho!*"

"Kipimo chako ni mtu," akajibu. "Ulicheka mara moja ukanyooka, nikatia alama, nikapima toka kigodani hadi hapo, nikajua huyo ndiye."

"Nisamehe, Fundi wangu. Nilikuhukumu."

"Nitakusamehe kwenye kiti."

Wakaketi wakitazamana. Fundi akanyoosha mkono wenye sugu, gundi imeganda kwenye kucha. Binti akauvuta juu ya mto, usawa wa macho yake.

"Nilisema kazi huja kwa fundi," fundi akasema. "Basi nimekuja. Nikubalie nikuoe."

Wasichana wakiulizwa swali hilo huinamisha kichwa. Yeye hakuinama.

"Ndiyo," akasema, akimtazama machoni.