Dume wa Kituo cha Tano

Kila Jumamosi alfajiri, Shangazi na Filimbi walikunywa chai wakiwa wamesimama, wakavaa viatu vya mpira, wakatoka kwenda kuhesabu ndege. Filimbi alikuwa darasa la sita. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa aliweza kuiga kwa mluzi sauti yoyote, hata ile ya kengele ya shule, akawahi kuwatoa wanafunzi darasani dakika ishirini kabla ya wakati. Mwalimu mkuu hakucheka.

Shangazi, aliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu, alikuwa mhesabu ndege. Kazi yake ilikuwa kumfuatilia ndege mmoja mdogo, mwenye kifua cha rangi ya matofali, ambaye aina yake ilikuwa hatarini kutoweka. Wataalamu walimpa jina refu, watu wengine wakamwita mwimbaji, na mwenyewe hakuonekana kujali lolote kati ya hayo. Alijenga kiota katika vichaka vizito tu. Humo Shangazi alikuwa ameweka vituo vitano na kuvifunga utepe mwekundu. Katika kila kituo alisimama dakika kumi bila kusema neno, akisikiliza, kwa maana dume huimba kutangaza makao yake. Akimsikia, anaandika moja. Asipomsikia, anaandika sifuri.

Mwaka ule sifuri zilikuwa nyingi kama siafu. Kiota kilikuwa kimoja tu, kwenye kituo cha pili, chenye mayai matatu. Mlinzi wa pekee wa ofisi ya misitu, mzee aliyeitwa Babu Kofia, alikaa hapo akifukuza mbuzi.

Jumamosi hiyo, walipofika kituo cha tano, Shangazi alikuwa ameandika sifuri mbili mfululizo, na mabega yake yalikuwa yameshuka. Filimbi hakuweza kuvumilia. Alijibanza nyuma ya kichaka, akalamba midomo, akapiga mluzi wa mwimbaji, laini, mara mbili.

"Umesikia?" Shangazi alinong'ona, macho yamemtoka.

"Nimesikia," akajibu Filimbi. Kwa kweli, alikuwa amesikia.

Siku nzima Shangazi aliimba akiosha vyombo, vibaya kabisa, na Filimbi alijiona mtoto mwema kuliko wote. Hali hiyo ilidumu hadi Jumatatu, ujumbe ulipofika kutoka ofisini: kuanzia kesho, Babu Kofia atakaa kituo cha tano asubuhi, kumlinda dume mpya.

"Na yale mayai?" akauliza Filimbi.

"Yatalindwa mchana. Mlinzi ni mmoja, mwanangu. Hatuwezi kumgawa mapande."

"Lakini mbuzi hupita asubuhi."

"Najua wanapita lini," alisema Shangazi taratibu. "Ndiyo maana sijala."

Filimbi naye hakula. Kesho yake, Shangazi alipokuwa akivaa viatu jikoni, Filimbi alisimama mlangoni.

"Shangazi, yule dume ni mimi."

"Ni wewe vipi?"

Filimbi akapiga mluzi. Shangazi akaacha kiatu kimoja sakafuni. Kisha akachukua simu.

"Bwana Misitu, naomba kumfuta dume wa kituo cha tano. Hapana, hajaruka. Yuko jikoni kwangu. Ndiyo, nina hakika na umri wake: darasa la sita."

Babu Kofia hakuwa na simu, kwa hiyo walikimbia. Mbuzi walikuwa wamekwisha kufika kituo cha pili, na mmoja alikuwa ameingiza kichwa kichakani, akivuta tawi chini ya kiota. Filimbi aliwafukuza kwa sauti ambayo hakuna ndege ambaye angeikubali kuwa yake. Walisubiri wamejificha mbali. Baada ya robo saa jike akarudi, akatulia juu ya mayai yake.

Babu Kofia alipoitwa, alifika akikung'uta suruali. "Tangu alfajiri nalinda hewa," alisema. "Sijaibiwa hata kidogo."

"Nisamehe, Babu," alisema Filimbi.

"Umesamehewa. Ila siku nyingine uwe ndege wa karibu na kivuli."

Shangazi alitoa karatasi ya hesabu. Hakufuta, alipiga mstari mmoja ili kosa lisomeke, akampa Filimbi kalamu. Filimbi akaandika pembeni: *Dume huyu ni binti wa kaka wa mhesabu ndege.*

"Nilitaka ufurahi tu," alisema.

"Nilifurahi sana. Ndiyo maana kosa lako ni kubwa." Shangazi alimvuta karibu, akamfuta majani kichwani. "Sikiliza, mwanangu. Sifuri hainipendezi, lakini huniambia wapi pa kupeleka mlinzi. Ukinipa moja ya kunibembeleza, umenifunga macho, na anayeumia ni yule asiyejua hata kwamba tunahesabu. Ukinipenda, niambie ukweli mapema. Kulia nitalia mwenyewe."

Kisha akampa tena kalamu, aandike sifuri.