Kisu Kilichopungua Vidole Viwili

Kila alipotoka shule, Cheche alivua sare, akafunga aproni iliyomfika vifundoni, akaingia karakana ya shangazi yake, mhunzi. Siku zote kazi yake ilikuwa kufagia vumbi la chuma na kupuliza moto. Wiki hiyo alipewa kazi ya watu wazima: kunoa kisu cha kuwindia.

Shangazi alikuwa amekifua kwa mkono wake mwenyewe ili kipigwe mnada Jumamosi, zahanati ipate kununuliwa kitanda cha watoto. Wodi ya watoto pale zahanati Cheche aliijua vizuri. Mdogo wake alipougua homa, alilazwa kitanda kimoja na wenzake wawili, miguu ya huyu kichwani kwa yule.

"Jiwe la mashine linachoma, mwanangu," Shangazi alimwonya. "Gusa, chovya majini. Gusa, chovya. Chuma kikigeuka bluu, kimeshalainika. Hakifai."

Ijumaa mchana Shangazi alikwenda kutafuta ngozi ya ala. Cheche akanoa kwa utulivu, gusa, chovya, mpaka kichwa cha binamu yake kilipochungulia dirishani. Walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"We Cheche, mechi imeanza! Au umeolewa na hilo jiwe?"

"Nakuja! Nimebakiza ncha tu."

"Hiyo ncha utaimaliza ukiwa bibi kizee!"

Cheche akaharakisha. Gusa, gusa, gusa. Maji aliyasahau kabisa. Alipoinua kisu, moyo ulimlipuka paa! Ncha ilikuwa bluu kama wino.

Akatazama mlangoni. Hakuna mtu. Akachukua msasa, akasugua, akasugua tena, mpaka bluu yote ikatoweka.

"Lo! Umenishinda mwalimu wako," Shangazi alisema aliporudi. Cheche akashika ufagio, akafagia bila kumtazama. Hata mechi hakwenda.

Baadaye kidogo akaingia mzee mwindaji, akakipima kisu kiganjani.

"Mwaka jana kisu kilinipindia mkononi," alisema, akionyesha kovu refu. "Niko peke yangu, na nguruwe pori yuko hatua tatu. Hiki nikikipata, mke wangu atalala usingizi."

Alipotoka tu, machozi yakamtoka Cheche. "Shangazi, kiligeuka bluu. Nikakisugua kwa msasa."

Shangazi akakiweka kisu mezani. Alichukua tupa, akaipitisha kwenye makali, ikateleza juu ya chuma kigumu. Akaipitisha kwenye ncha, ikang'ata na kuacha mkwaruzo.

"Msasa umeondoa rangi," alisema polepole. "Ulaini umebaki palepale."

"Basi kitanda ndiyo hakuna tena?"

"Nani kasema? Ila ncha hii lazima iondoke yote. Lete maji. Safari hii nakaa hapahapa."

Wakaisaga ncha ile kidogo kidogo, gusa, chovya, mpaka tupa ikateleza kila mahali. Kisu kikapungua vidole viwili.

Siku ya mnada, dalali alikiinua juu, akakunja uso. "Mbona kifupi hivi? Kimenyolewa?"

Watu wakaangua kicheko. Shangazi akamsogeza Cheche mbele. "Waambie mwenyewe."

Cheche akasimulia yote, mpaka msasa. Kisha sauti ikatoka nyuma, "Mimi ndiye niliyemharakisha!" Alikuwa Redio, na watu wakacheka tena, safari hii kwa upole.

Mwindaji akataja bei. Mwenye bucha mmoja naye akapandisha bei. Mwindaji akampita, mwenye bucha akampita naye, wakavutana hivyo mpaka mwenye bucha akainua mikono.

"Visu virefu ninavyo tele," mwindaji alisema akikipokea. "Ninachokijua mpaka kasoro yake ni hiki kimoja."

Kitanda kikapatikana, na godoro lake juu.

Njiani kurudi nyumbani, Shangazi alimshika Cheche bega. "Kukosea hata mimi nakosea, mwanangu. Kosa lako ulipolisema, lilitugharimu vidole viwili vya chuma. Ungelificha, lingeweza kumgharimu yule mzee maisha yake. Ukiharibu kazi, sema mapema, wakati bado inatengenezeka."

"Nimeelewa, Shangazi."

"Haya. Jumatatu usichelewe. Kuna panga linasubiri kunolewa, na sitakaa kukuchunga."