Waya wa Ininahazwe

Rafiki yangu Ndayisenga, fundi wa piano wa Kasulu, alimwonea wivu fundi mwenzake marehemu, Ininahazwe. Mwaka tisini na sita alikwenda kanisani Titye kutengeneza piano kuukuu ambayo mke wake mwenyewe, Esteri, na wenzake walikuwa wanajifunzia.

"Fundi Ininahazwe aliifanya ilie vizuri," Esteri alisema.

"Ininahazwe kila siku! Si mlishamzika?"

Esteri akatoka kwa hasira. Ndayisenga akafungua piano, akakata waya wa sauti nzito kabisa, aliouweka marehemu, akautia mfukoni. Wingu la mvua likatanda, kanisa likaingia giza. Akabonyeza kibao cha sauti ile. Nyundo ya ndani ya piano ikapiga hewa.

Kisha sauti ikalia, nzito, ndefu, na waya ukatetemeka mfukoni mwake.

Mlangoni Esteri alikuwa amefumba macho, anatabasamu. "Asante, Ininahazwe."