Jinsi Kebonlerak Ilivyochagua Uwanja Wake

Mtaa wa Kebonlerak, mjini Semarang, una vichochoro vingi na nafasi chache. Kila asubuhi Warsini hukaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, mlangoni pake na kuwauzia majirani. Mumewe, Paryadi, ni dereva wa bodaboda. Mama mkwe wa Warsini, Bibi Sadinem, hushinda dirishani. Binti yao, Utami, ana miaka tisa. Akirudi kutoka shuleni huruka kamba kichochoroni na wenzake.

Jumatano moja pikipiki ilikata kona kwa kasi, ikamgonga Utami. Mkono wake wa kushoto ukavunjika.

"Nilimwambia asicheze njiani," Paryadi alisema walipotoka hospitali.

"Acheze wapi?" Warsini akamuuliza. "Juu ya paa?"



Wiki hiyohiyo, mwenyekiti wa mtaa, Bwana Kusnan, aliitisha mkutano. Manispaa ilitaka kujenga uwanja mmoja wa umma Kebonlerak. Watoto wangecheza hapo, wazee wangepumzika, na majirani wangekutana. Wakazi walipewa wiki mbili kuchagua mahali.

"Kazi ni rahisi," alisema Bwana Kusnan. "Tunalo lile eneo kubwa ng'ambo ya barabara kuu. Tuliandike, twende zetu tukale."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Warsini akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, uliwahi kukaa pale hata robo saa?"

"Nikae pale nifanye nini?"

"Ndiyo hapo sasa," Warsini akajibu.

Kando ya mwenyekiti alikaa Retnowulan, afisa mipango miji wa manispaa. Mkutano ulipoisha, alimfuata Warsini.

"Mama Utami, umeuliza swali zuri. Lakini kesho watalisahau. Tupime."

"Mimi sijui kupima ardhi, dada Retno. Najua kupima soya."

"Hatupimi ardhi peke yake. Tunapima kama watu watakaa. Niambie, wewe ungechagua wapi?"

Warsini akafikiri. "Kona ya bohari kuukuu. Lakini ni ndogo, na pamejaa pikipiki za kina Paryadi."

"Tutapima kote kuwili."

Walikubaliana namna ya kufanya. Wangesimama kila mahali asubuhi, mchana na alasiri, siku ya kazi na Jumapili. Katika daftari wangeweka alama za aina mbili: wanaopita tu, na wanaosimama au kukaa. Wangeangalia pia kivuli kiko wapi, maji yanaelekea wapi, na mtoto anafikaje pale kwa miguu. Naye Retno angetafuta ofisini ardhi ni ya nani.

Walianza na eneo kubwa. Ili kufika pale walisubiri magari ya mizigo yapite, kisha wakakimbia.

"Mimi mtu mzima nimekimbia," Warsini alisema akihema. "Mtoto je?"

Mchana hapakuwa na kivuli hata cha kufunika kikapu. Kwenye ukuta wa jirani Warsini aliona mstari mweupe wa chumvi, juu ya goti.

"Bahari ikijaa, maji huingia hapa," alisema. "Wenyewe tumezoea, hatuoni tena."

Jumapili saa kumi alasiri walihesabu watu wanne na mbuzi saba.

Kwenye kona ya bohari mambo yalikuwa tofauti. Vichochoro vitatu vinakutana pale. Kwa saa moja walipita watu mia mbili na kumi na wawili, na arobaini na sita kati yao walisimama kununua kitu au kusalimiana. Kuanzia saa tisa alasiri, ukuta mrefu wa bohari ulitupa kivuli kona nzima. Majalada ya manispaa yalionyesha kuwa kona hiyo ni ya mji. Eneo kubwa, nusu yake lilikuwa na kesi mahakamani.

"Tumeshinda!" Warsini akasema.

"Bado," Retno akamjibu. "Hebu tazama alama zako. Waliokaa ni kina nani?"

Warsini akafungua daftari. Karibu wote walikuwa wanaume. Wanawake walinunua mboga na kuondoka. Wazee hawakuwepo kabisa.

"Hesabu inakuonyesha waliokuja," alisema Retno. "Sasa waulize wasiokuja."

Jioni hiyo Warsini alimwuliza mama mkwe wake.

"Mimi niende kule nikakae wapi, kwenye tangi la pikipiki?" Bibi Sadinem akasema. "Halafu mtaro wenu ule mpana wa pale konani. Mnaruka wenyewe, nyie vijana. Mimi nikiruka, mtanizika."

Wanawake wengine walimwambia kwamba hakuna pa kukaa, na moshi wa sigara ni mwingi. Warsini aliandika yote.

Paryadi alilisoma daftari, akalirusha mezani.

"Kwa hiyo mke wangu ndiye anayenifukuza kijiweni?"

"Nani kasema nakufukuza?"

"Tuko madereva kumi na wawili pale. Tukaegeshe wapi? Kichwani mwako?"

"Afadhali kichwani kwangu kuliko mgongoni kwa watoto!"

Siku mbili Paryadi alikula chakula chake kijiweni. Siku ya tatu Retno alikwenda kijiweni mwenyewe, akakaa na madereva, akanywa kahawa yao.

"Kaka zangu, ninyi mko kwenye hesabu," aliwaambia. "Tukiwaondoa bila kuwapa mahali, tumepima vibaya. Abiria wenu hutokea upande gani?"

"Barabarani," akajibu mmoja. "Na wengi hawatuoni. Bohari linatuziba."

"Basi tujaribu. Jumapili moja tu. Pikipiki zikae pale mdomoni mwa kichochoro, upande wa barabara, mkionekana. Kona tuwaachie watu. Ikishindikana, mnarudi."

Madereva wakamtazama Paryadi. Paryadi akakuna shavu.

"Jumapili moja," alisema. "Moja."

Jumapili hiyo walichora mistari ya chokaa chini. Waliweka mbao imara juu ya mtaro, wakatandika mikeka na kuazima mabenchi ya shule. Mchana hakuja mtu. Jua lilikuwa kali. Bwana Kusnan alipita na mwavuli wake.

"Uwanja wenu umejaa kweli," alisema akicheka.

"Rudi saa kumi, mwenyekiti," Warsini akamwambia.

Saa tisa kivuli kikafika. Wasichana walikuja na kamba, na Utami, mkono ukiwa kwenye plasta, akawa anawahesabia. Muuza barafu akasimama. Wanawake wakaja na mboga zao, wakakaa kuzichambua. Bibi Sadinem akauvuka mtaro kwa kushika ukuta, hatua moja moja, akaketi kwenye benchi. Mpira wa watoto ukaangusha gilasi mbili, kelele zikazuka, na Retno akaandika: mpira utengwe upande wa mashariki.

Bwana Kusnan alirudi saa kumi. Akaomba daftari. Alihesabu mwenyewe, akitia alama kwa kalamu yake. Alipofika tisini na mbili, mwanamke mmoja akamsogezea nafasi, naye akakaa.

"Miaka thelathini naishi hapa," alisema. "Niliangalia ukubwa tu."

Paryadi alikuja jioni kuchukua maji ya kunywa.

"Vipi?" Warsini akamuuliza.

"Abiria wametuona," akasema. Kisha akacheka. "Usinitazame hivyo. Nimesema wametuona, sijasema ulikuwa sahihi."

Mkutano wa pili ulichagua kona ya bohari. Ujenzi ulichukua miezi minne. Mtaro ulifunikwa kwa zege, mabenchi yalijengwa kando ya ukuta, na madereva walipata banda lao mdomoni mwa kichochoro. Nguzo fupi za chuma ziliwekwa ili pikipiki zisiingie. Tangu hapo hakuna mtoto aliyegongwa Kebonlerak.

Mwaka uliofuata, mwenyekiti wa mtaa wa jirani alikuja kwa Warsini. Alikuwa na ramani mkononi na furaha usoni.

"Mama, na sisi tumepewa uwanja," alisema. "Tumeshapata mahali pazuri kabisa. Pana hata lango la chuma!"

Warsini akageuza tempe kwenye karai.

"Saa kumi alasiri, nani hukaa pale?"

Yule bwana akaitazama ramani. Akaigeuza. Akaitazama tena.

"Sijui," alisema mwishowe.

"Vizuri. Tumeanza." Warsini akazima jiko, akafuta mikono, akachukua viti viwili. "Kamata hiki kimoja. Twende tukakae."