Kamba ya Kupimia Boriti

Kila asubuhi mimi na Loisi tulikwenda kuchota maji pamoja. Tulikuwa chanda na pete. Mwaka ule Wajerumani walikuwa wakijenga reli kupita Ugogo, na mjomba wangu Mazengo alitoka huko kuja kutuezekea tembe, nyumba yetu ya paa bapa la udongo, kabla ya mvua. Mama alikuwa amejifungua majuzi. Bila paa, mtoto na mtama wetu wote vingelowa.

Mama alinyoosha kamba kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, akafunga fundo kila mwisho.

"Anyesi, mpelekee mjomba wako kamba hii porini. Akate boriti za urefu huu huu."

Loisi alinisindikiza. Njiani nilimwachia kamba, nikashuka korongoni kunywa maji.

Siku ya tatu boriti zililetwa. Mjomba alipandisha ya kwanza, ikadumbukia ndani. Zote kumi na mbili zilipungua shubiri mbili, na mawingu yalikuwa yameshatanda.

"Anyesi, kamba uliifanya nini?" Mama aliuliza.

Nilimtazama Loisi. Akainamisha uso.

"Mimi sijui, mama. Kamba alikuwa nayo Anyesi."

Nilikaripiwa mbele ya majirani, naye kasimama pale pale akitazama. Baadaye mbuzi wa kina Loisi akapita akiburuta kipande cha kamba. Mwishoni kilikuwa na fundo la Mama.

"Uliikata?" nilimwuliza.

"Kidogo tu, nimfunge mbuzi. Nikapiga fundo jingine pale nilipokata. Nilidhani haina neno."

"Na uliponiona nakaripiwa?"

Aligeuka, akaanza kumfungua mbuzi. Hilo liliniuma kuliko maneno yote ya Mama.

Nilimpeleka kwa mjomba, akakiri mwenyewe. Mjomba hakufoka. Alijenga ukuta mwingine ndani ya ule wa kwanza ili boriti zifike, na Loisi akabeba udongo siku mbili. Mvua ilitukuta tumeshaezeka.

"Kule relini kuna fimbo ya chuma, inaitwa mita," mjomba alituambia. "Anayepima na anayekata hawaonani, lakini kazi inakaa sawa, kwa sababu fimbo ile haipunguzwi na mtu. Kamba hii ndiyo ilikuwa mita yetu. Ukiharibu kipimo, sema mapema, wala usimwache mwenzako abebe kosa lako."

Loisi alilia, nikamsamehe. Lakini chumba chetu kilibaki chembamba. Nikijinyoosha, miguu inagusa ukuta. Maji bado nachota naye, ila kamba ya kisimani naishika mwenyewe.