Kiatu Kimoja

"Kiatu chako umekiacha kwangu. Njoo ukichukue."

Meseji hiyo niliikuta kwenye simu ya mume wangu, namba haina jina. Mwenyewe kajilaza kwenye mkeka, eti mgongo. Mgongo huohuo ambao kwangu hauwezi kunyanyua hata ndoo.

— Kiatu chako kiko kwa nani?

— Kiatu gani?

— Usinijibu swali kwa swali. Umerudi na kandambili moja.

Akageuza shingo kutazama mlangoni. Ilikuwepo ya kulia tu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na vumbi mpaka kifundoni.

— Sikujua, akasema.

— Mtu mzima atembee peku asijue? Mimi nasuka nywele za watu, sisukwi akili.

Nikaipiga ile namba, nikaweka sauti ya juu asikie anavyoumbuka.

— Mimi ndiye mke wa mwenye kiatu.

— Afadhali umepiga, dada. Mumeo ananiwekea vigae jikoni. Kiatu kimemvuka hapa mlangoni, akaenda zake. Nimemwita, hakusikia. Dada, ule mguu anauburuta. Hamjauona?

Nikakata simu. Hasira haikuisha, ilihama tu. Nikachukua sindano yangu ya kushonea nywele, nikamgusa nayo kidole gumba cha kushoto. Kimya. Nikakandamiza.

— Unasikia nini?

— Nasikia unavyofoka.

— Nimekuchoma na sindano.

Akajiinua kwa kiwiko, akakitazama kidole.

— Uliniambia daktari kasema diski ya mgongo imechomoza, mazoezi yanatosha, hakuna kupasuliwa.

— Ndivyo alivyosema.

— Na nini kingine?

— Kwamba maumivu peke yake yanaweza kusubiri. Ila mguu ukianza kufa ganzi na kuishiwa nguvu, nirudi siku hiyohiyo.

— Umeanza lini?

— Wiki iliyopita.

— Wiki nzima nakukanda mgongo, unanitazama tu. Umenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu.

— Naogopa kisu, mke wangu. Nikizinduka siwezi kutembea, nani atabaki na fundi wa kulala kutwa?

— Mimi. Nitabaki, na nitakusema kila asubuhi. Inuka twende.

— Kesho basi.

— Kesho ya mguu gani?

Nikamvalisha mguu wa kushoto kandambili yangu ya pinki, nikaifunga kwa uzi wa kusukia isimvuke. Safari hii hakubisha.

Hospitali, daktari akamwambia anyanyue kidole gumba. Hakikunyanyuka. Picha mpya ikaonyesha mshipa wa fahamu umebanwa vibaya.

— Mwanzo nilimwambia tusubiri, daktari akasema. Sasa nashauri tupasue. Mkichelewa, mguu unaweza usirudi.

Mume wangu akanigeukia.

— Amua wewe.

— Mgongo ni wako. Mimi nilitaka ukweli tu, na nimeupata kwa mwenye jiko.

Akainamisha kichwa, akakitazama kile kiatu cha pinki.

— Nipasueni, akasema.

Alipozinduka sikumpa hata pole. Nilifunua shuka, nikamfinya kidole gumba kwa nguvu zangu zote.

— Aa, mke wangu, unaniumiza.

Nikalia palepale, bado nimemkasirikia.

— Ukinificha tena, nitakufinya pengine.

— Sikufichi tena. Niachie kidole basi.

Simu yake ikaita kwenye mkoba wangu. Ilikuwa meseji ya yule dada: "Fundi, kiatu bado kipo. Nimpe mtu akuletee?"

Nikamjibu mimi: "Kitunze. Atakifuata mwenyewe, kwa miguu yake."